Prado ya porini: kipi kitangulie, kipi kisubiri

Swali: "Mtaalamu, nimenunua Prado 150 ya dizeli iliyotumika, matairi yake ni 265/65R17. Tuko wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili, na tunapenda kwenda kulala porini. Safari zetu nyingi ni barabara za vumbi zenye vijituta mfululizo, mchanga mara mojamoja, na vijito vya kuvuka. Nataka kuinyanyua inchi 3, kuivalisha matairi ya 285/70R17, kuiwekea bampa ya chuma, winchi, keria na tenti la juu, snokeli, betri ya pili kwa ajili ya friji, na taa ndefu ya LED. Fundi anasema tufanye vyote kwa mkupuo nisilipie kazi mara mbili. Niko sahihi?"

Jibu:

Hapana ndugu yangu, usifanye kwa mkupuo. Kwenye orodha yako hakuna kitu cha kipuuzi, kila kimoja kina gari na safari inayokistahili. Tatizo ni mpangilio. Umeanza na vitu vinavyopendeza gari likiwa limepaki, na vile vitakavyokutoa ukiwa umekwama havimo kabisa. Sijaona geji ya upepo, kompresa, koleo, wala sehemu imara ya kufungia kamba. Hoja ya fundi kuhusu gharama ya kazi ina ukweli kwa baadhi ya vitu, nitavitaja mwishoni. Kwa vilivyobaki, ukifunga vyote siku moja hutajua kipi kimeleta mtetemo, kipi kinakula mafuta, na kipi kimefanya usukani uvutie upande.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua mengine yote. Kila gari lina uzito wa juu ulioruhusiwa na kiwanda: gari lenyewe pamoja na watu, mafuta, mizigo na kila ulichokifunga juu yake. Utaukuta kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango, kwenye kitabu cha gari au kwenye hati za usajili. Toa humo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho ruhusa yako. Kwa magari ya daraja hili ruhusa huwa inazunguka kwenye kilo 600 hivi, kutegemea toleo. Soma ya kwako, usinichukulie mimi.

Sasa pakia orodha yako kwenye karatasi. Familia ya wanne, watoto wakiwa bado wadogo, kilo 205. Bampa ya chuma 60. Winchi yenye waya wa chuma 40. Keria 30, tenti 60. Betri ya pili ya kawaida 25. Friji na vilivyomo 40. Maji lita 40, ambazo ni kilo 40. Matairi matano makubwa, nikihesabu tofauti tu na uliyonayo sasa, 30. Magodoro, nguo, jiko na vyombo 60. Zana na vipuri 40. Hapo ni kilo 630. Na kama uzito wa gari tupu ulioandikwa haukuhesabu tangi lililojaa (watengenezaji hawahesabu kwa namna moja), ongeza dizeli: tangi la Prado 150 ni lita 87, lita moja ina gramu 840 hivi, kwa hiyo kilo 73 nyingine. Umeshavuka kabla hujapakia hata begi la watoto la vitabu.

Wengi hujibu, "Nitaweka springi ngumu." Springi ngumu zitainua makalio ya gari, lakini hazibadilishi kilichoandikwa kwenye kibandiko. Breki, beringi za magurudumu, ekseli na chesisi vinabaki vilevile. Ziko nchi zenye utaratibu rasmi wa kuidhinisha uzito mpya baada ya kubadilisha vifaa fulani. Kama kwenu haupo, kiwango ni kile cha kiwandani, na kampuni ya bima ina haki ya kukiulizia siku mambo yakiharibika.

Halafu si kilo tu, ni kilo ziko wapi. Bampa na winchi vinakaa mbele ya ekseli ya mbele, kama umeshika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka badala ya kuiegemeza mwilini. Prado yako ina mita 2.79 kutoka ekseli hadi ekseli. Ukining'iniza kilo 100 sentimita 90 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo inaongezewa kama kilo 132, na ya nyuma inapunguziwa kilo 32. Ndiyo maana gari lililofungwa bampa na winchi bila kubadilishiwa springi za mbele huinama pua, na ukifunga breki linainama zaidi.

Juu ya paa nako kuna kiwango chake, na watu hukisahau. Kwa magari mengi ya aina hii ni kati ya kilo 75 na 100 gari likiwa linatembea, na keria yenyewe inahesabiwa humo. Keria yako na tenti ni kilo 90 tayari. Ukiongeza madumu mawili ya mafuta na tairi la spea huko juu, umeweka mzigo mahali pabaya kuliko pote: gari likiinama kwenye ubavu wa kilima, uzito wa paa ndio unaoamua kama litarudi au litalala. Gari likiwa limesimama paa hubeba zaidi ya hapo, ndiyo maana familia inaweza kulala kwenye tenti. Lakini usichanganye viwango hivyo viwili.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jaza tangi, pakia familia na vitu vyenu vya kawaida vya safari, mkapite kwenye mizani ya magari. Pimeni gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Namba tatu hizo zitakusaidia kuliko kurasa mia za katalogi.

Hatua inayofuata haina mvuto wowote: hakikisha gari lililotumika ni zima. Bushi, bolijointi, shokapu, breki, beringi, hosi za rejeta, betri. Gari lenye bushi zilizochoka ukilivalisha matairi mazito na springi mpya, unakuwa umefunga ugonjwa ndani.

Baada ya hapo, matairi. Pesa ya kwanza iende huku, na ningekushawishi uachane na 285/70R17. Piga hesabu ya kipimo chako cha sasa, 265/65R17. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani milimita 172. Zidisha mara mbili, jumlisha rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata tairi lenye kipenyo cha milimita 776. Tairi la 265/70R17 lina 803. La 285/70R17 lina 831. Gari linanyanyuka kwa nusu ya tofauti tu, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo 265/70 inakupa milimita 13, na 285/70 inakupa 27.

Milimita 27 ni nyingi, sikatai. Na kuna jambo ambalo wauzaji wa vifaa vya kunyanyulia hawalisemi kwa sauti: kwenye gari lenye ekseli nzima ya nyuma kama lako, kunyanyua springi hakunyanyui difu la nyuma (lile bonge la gia katikati ya ekseli) hata kidogo. Ekseli inakaa juu ya magurudumu. Springi zinainua bodi na chesisi, difu linabaki palepale likikwaruza katikati ya njia. Tairi pekee ndilo linaloliinua.

Tatizo ni malipo ya hizo 27. Kipenyo kimekua kwa asilimia 7, kwa hiyo gia zako zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7. Injini itajikaza mlimani, giaboksi itahangaika kutafuta gia, na hata ukiwa kwenye 4L (gia nzito ya fowili) ukishuka korongo gari litakimbia zaidi ya ulivyozoea. Breki nazo zinasimamisha gurudumu kubwa na zito zaidi. Dashibodi ikikuonyesha 100, gari linakwenda kasi iliyozidi kwa asilimia 7 ile iliyokuwa inakwenda zamani kwa alama hiyohiyo. Tairi lenyewe, ukikata kona kali huku gurudumu limepanda, litagusa plastiki ya ndani ya mkinga-tope na pengine hata kona ya chesisi, ndipo fundi anapochukua msumeno. Spea nayo, kama inakaa chini ya gari, huenda isiingie mahali pake.

Kwa safari ulizozieleza, 265/70R17 za aina ya AT, yaani za njia mchanganyiko, zinatosha. Tofauti ya kipenyo ni asilimia 3.4, na spidi mita nyingi hutoka kiwandani zikionyesha zaidi kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo utajikuta karibu na ukweli kuliko mwanzo. Chagua zenye ubavu mnene na namba ya mzigo isiyopungua ya zile za kiwandani. 112, kwa mfano, maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. MT, yaani matairi ya tope, zina meno makubwa ya kutapika tope, ila kwa barabara ya vumbi na lami zina kelele, zinaisha haraka na zinashika vibaya lami ikiwa na maji. Asiyeishi kwenye tope hazihitaji.

Sasa upepo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kifaa kinachobadilisha gari kama kupunguza upepo, na wenye magari ya fowili wengi hawajawahi kujaribu. Ukipunguza upepo tairi halipanuki sana kwa upande, linarefuka. Alama linayoacha ardhini inakuwa ndefu, na uzito uleule unagawanyika kwenye eneo kubwa. Chukua gari lililokwama kwenye mchanga likiwa na upepo wa psi 35: matairi yanachimba, dereva anakanyaga mafuta, ekseli inalala. Shuka, punguza hadi psi 18 kote kote, ondoa mchanga mbele ya magurudumu, weka 4L, anza polepole. Mara nyingi litatoka lenyewe na winchi haijaguswa.

Kwa gari lako lenye mzigo, anza na kiwango cha kibandiko kwenye lami. Barabara ya vumbi yenye vijituta au mawe madogo, shusha hadi psi 26 au 28; gari litaacha kurukaruka, na ubavu laini unapisha jiwe badala ya kutobolewa nalo. Mchanga, 18. Mchanga mwororo kabisa, 15. Chini ya hapo uwe na sababu, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ukingo wa rimu ukikata kona ghafla. Na kila ukishusha upepo, shusha na mwendo: kwenye 18 usizidi kilomita 40 hivi kwa saa. Ubavu unaojikunja sana kwa mwendo mkali unapata joto, na tairi hufa kwa joto hilo, mara nyingi baadaye, ukiwa umesharudi lami na umeshasahau.

Kwa hiyo unahitaji geji nzuri na kompresa inayofungwa moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio. Zile za kuchomeka kwenye tundu la sigara zinabanwa na fyuzi ndogo ya tundu hilo. Kwa tairi lako utakaa nayo hadi jua lizame. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Yakiwa yamepanda zaidi ya psi 6, ama ulianza na upepo mdogo, ama umebeba sana, ama unakimbia.

Kinachofuata ni vya kujinasua. Koleo lenye mpini mrefu. Mbao mbili za plastiki zenye meno, za kutandika chini ya magurudumu. Mkanda wa nailoni unaovutika, kwa ajili ya kuvutwa na gari jingine. Mkanda huo hurefuka kama asilimia 20 ya urefu wake, na nguvu yake ya kukatikia iwe mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya hayo mawili. Kwa Prado iliyopakiwa, wenye tani 8 unafaa. Usiuchanganye na mkanda wa poliesta wa kuzungushia mti, ambao hauvutiki. Ukiutumia huo kwa kuvuta kwa kushtua, mshtuko wote unaishia kwenye chuma.

Na chuma chenyewe ni kipi? Inama uangalie chini ya bampa yako. Vile vitanzi vyembamba vilivyofungwa kwa bolti moja ni vya kufungia gari lisisogee likisafirishwa. Si vya kuokolea. Funga ndoano zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye kiwango kilichochapwa juu yake, na bolti za daraja lililoelekezwa, zikishika chesisi. Nyuma, kama una sehemu ya kuvutia tela, chomoa kile kichwa cha mviringo na uweke kipande cha kushikia shakeli, ile pingu ya chuma ya kuunganishia mkanda. Usifunge mkanda kwenye kichwa cha mviringo, hata gari liwe limekwama kidogo, hata anayekusaidia aseme amefanya hivyo miaka yote. Kinapokatika kinaruka kwa nguvu yote iliyokuwa kwenye mkanda, kinapita kioo, na watu wameuawa hivyo. Watoto wakae mbali, zaidi ya urefu wa mkanda, na pembeni, si kwenye mstari wa mvuto.

Ukiwa na matairi, upepo na vya kujinasua, nenda safari zako kwa muda. Gari lenyewe litakuambia linachotaka. Likigonga chini mara kwa mara, litanyanyuliwa. Lisipogonga, pesa yako imebaki mfukoni.

Kunyanyua: inchi 3 usifanye. Mbele ya Prado yako kila gurudumu lina mkono wake, na nguvu inafika kupitia shafti fupi zenye jointi za CV, viungio vinavyozungusha gurudumu hata likiwa limepinda. Ukinyanyua bodi, shafti hizo zinainama kwa pembe kali kuliko zilivyobuniwa. Nenda ukachungulie ndani ya rimu ya mbele ya gari lililonyanyuliwa kupita kiasi: mara nyingi utaona mstari wa grisi nyeusi iliyorushwa kwa mzunguko, imeshikana na vumbi, na juu yake buti ya mpira iliyopasuka kwenye mkunjo. Buti ikipasuka vumbi linaingia, na jointi inaanza kugonga ukikata kona. Milimita 40 hadi 50 juu ya kimo cha kiwandani ndio mpaka wenye akili kwa gari hili, na hata hapo ni lazima lipimwe alaimenti. Mara nyingi pia mikono ya juu ya mbele hubadilishwa ili pembe za magurudumu zirudi kwenye kipimo. Nyuma, ile fimbo inayozuia ekseli isiende upande huivuta kidogo upande mmoja gari likipanda. Milimita chache hazina neno, zikizidi inawekwa fimbo ya kurekebishika. Angalia pia hosi za breki na nyaya za ABS zisinyooke gurudumu linapoanguka hadi mwisho.

Kuna swali moja uliulize kabla ya fundi kushika spana: gari lina KDSS? Ni mfumo wa haidroliki kwenye fimbo za kuzuia gari lisilale kwenye kona, na baadhi ya Prado 150 zinao. Ukibadilisha springi bila kuufuata utaratibu wake wa valvu, gari linabaki limeegemea upande mmoja na hakuna springi itakayolinyoosha. Matoleo mengine yana springi za hewa nyuma, nayo ni kazi tofauti. Fundi asiyejua lako ni lipi asiliguse.

Ila ninapenda watu wafikirie shokapu kabla ya kimo. Kwenye vijituta mfululizo shokapu inasugua mamia ya mara kwa dakika, mafuta yake yanachemka na kuchanganyika na hewa, na baada ya muda inaacha kuzuia chochote. Utahisi gari linaelea na nyuma inataka kukupita. Shokapu nene zenye gesi, pamoja na springi zilizochaguliwa kwa uzito ule uliotoka kwenye mizani, zitakupa gari tulivu. Anayekuuzia springi bila kuuliza kilo anakuuzia rangi tu. Springi ya kubeba kilo 300 za kudumu, ukiiweka kwenye gari linaloshinda tupu mjini, itakutikisa meno. Vipande vya kupachika juu ya springi ya zamani ili gari lipande, mimi sivifungi: vinaongeza kimo bila kuongeza uwezo wowote, na vinakula nafasi ya gurudumu kushuka.

Bampa na winchi sasa. Je, mnasafiri gari moja peke yenu, kwenye njia ambayo gari jingine linaweza kupita kesho? Kama ndiyo, winchi ina maana. Kama huwa mnaongozana na wenzenu, mkanda na mbao vinatosha, na umeokoa kilo 100 puani. Ukiamua, kanuni ni uwezo wa kuvuta usiopungua mara 1.5 ya uzito wa gari lililopakiwa. Kwa gari la kilo 2,900 hiyo ni 4,350, yaani winchi ya pauni 10,000, ambayo ni kama kilo 4,500. Kumbuka uwezo ulioandikwa ni wa safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma, na kila safu inayoongezeka inaupunguza. Kwa hiyo usifunge kwenye mti ulio mita 5 wakati kuna mwingine mita 20. Puli moja inakaribia kuongeza nguvu mara mbili na kupunguza kasi nusu. Ikivuta kwa nguvu yote winchi inaweza kula zaidi ya ampia 400, basi injini iwake na uvute kwa vipindi. Kamba ya sintetiki ni nyepesi kwa kilo kadhaa kuliko waya na haina ukatili uleule ikikatika, ila jua na mawe makali vinaila, ifunike.

Bampa uinunue ile iliyotengenezwa kwa modeli yako na inayosema wazi inafanya kazi na mifuko ya hewa. Bampa ya kuchomelea mtaani inaweza kuwa imara kuliko gari lenyewe, na huo ndio ubaya wake: mgongano unaokusudiwa kumezwa na chuma kinachojikunja unafika hadi kwako. Isizibe njia ya hewa ya rejeta.

Snokeli, yaani bomba linalopandisha njia ya hewa ya injini hadi juu. Faida yake ya kila siku kwako ni kukwepa vumbi, kwa kuwa juu hewa ni safi zaidi na filta inadumu. Kwa maji, inazuia jambo moja tu: injini kunywa maji kupitia njia ya hewa. Maji hayashindiliki, yakiingia kwenye silinda pistoni inapopanda, konrodi inapinda. Lakini snokeli haifanyi gari liwe mashua. Toyota inaruhusu Prado hii kuingia kwenye maji ya milimita 700, na kuweka bomba juu hakuhamishi alteneta, nyaya, wala sili za milango. Hakikisha viungio vyote vya ndani, hadi kwenye kasha la filta, vimezibwa kabisa. Nyingi zinazouzwa kwa urembo zina matundu ya kutolea maji au hazikubanwa vizuri, na hizo ni plastiki ya kupendezesha.

Kilicho muhimu kuliko snokeli, na hakimo kwenye orodha yako, ni mipira ya pumzi ya difu. Difu lililofanya kazi lina joto. Ukiliingiza kwenye maji ya kijito, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta kinachoikaribia. Kama tundu la pumzi liko chini au limeziba kwa tope, linavuta maji kupitia sili. Wiki chache baadaye ukifungua boliti ya mafuta, yanatoka ya rangi ya maziwa, na beringi zimeshaanza kutu. Refusha mipira hiyo ipande hadi sehemu ya juu ya injini, ikiwemo ya giaboksi na transfa (kasha linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ni kazi ndogo sana. Na kabla ya kuvuka, tembea kwanza kwa miguu pale penye usalama; maji usiyoweza kuyatembea kwa sababu ya mkondo, gari nalo lisiingie.

Betri ya pili ni wazo zuri kwa friji, mradi nyaya ziwe nene. Friji inayovuta ampia 5, ukiipelekea umeme mita 5 kwa waya wa milimita mraba 1, inapoteza karibu volti 0.9 njiani, kwenda na kurudi. Hapo friji inadhani betri imeisha na inajizima, na mwenye gari anailaumu friji. Waya wa milimita mraba 4 unamaliza ugonjwa huo. Fyuzi ikae karibu kabisa na chanya ya betri, si kwenye friji, kwa sababu kinacholindwa ni waya: ukichubuka kwenye chuma cha bodi bila fyuzi, unawaka. Betri ya lithiamu itakupunguzia nusu ya uzito, na ifungwe na chaja yake maalumu kati ya alteneta na betri.

Taa ndefu ya LED juu ya paa iache. Mwanga wake unagonga boneti na kukurudia machoni, na ukifuata gari jingine kwenye vumbi utaona ukuta mweupe. Ukihitaji taa, mbili za duara kwenye bampa, na uzizime anapotokea mtu mbele. Sehemu nyingi sheria hairuhusu zitumike kwenye barabara ya umma.

Sasa pale fundi wako alipo sahihi. Springi, shokapu, mikono ya juu na mipira ya pumzi ya difu vifanyike pamoja, kwa sababu gari linakuwa limeshafunguliwa na alaimenti italipiwa mara moja. Bampa na winchi vilevile, na kama una hakika vinakuja, vitangulie au viende sambamba na springi, ili springi za mbele zichaguliwe kwa uzito wa kweli. Mwambie akuwekee springi na shokapu za zamani kwenye boksi, na aandike namba za vipuri vipya kwenye risiti. Kaza nati za magurudumu baada ya kilomita 100 za kwanza, na bolti za keria, bampa na springi mara tu mtakapomaliza barabara mbovu ya kwanza, kabla hamjafungua hata tenti.